Ujumbe taka: mzigo wa mpokeaji au wa kampuni za simu?

Ushauri anaopewa mtu anayesumbuliwa na ujumbe taka ni ule ule kila mahali: usijibu, usibonyeze kiungo, zuia namba, futa. Ni ushauri mzuri. Tatizo ni hitimisho linalochomekwa nyuma yake, kwamba aliyetapeliwa kwa meseji ametapeliwa kwa uzembe wake, na kwamba kampuni ya simu ikishafikisha ujumbe imemaliza kazi yake.

Hoja hiyo inasahau jinsi mfumo wenyewe ulivyojengwa. Ujumbe mfupi wa kwanza ulitumwa Uingereza Desemba 3, 1992, wakati mitandao ilikuwa michache na ikiaminiana, na kuaminiana huko bado kumo ndani ya mfumo. Mahali pasipo na udhibiti, anayetuma meseji kwa wingi kupitia kompyuta anaweza kujaza jina lolote lisilozidi herufi 11 kwenye nafasi ya mtumaji, likiwemo jina la benki yako. Simu haichunguzi ujumbe umetoka wapi. Inalinganisha jina tu, kisha inaupanga pamoja na taarifa halali za benki. Juu kuna taarifa ya makato ya wiki iliyopita, ambayo ni ya kweli. Chini yake kuna msimbo wa kuthibitisha muamala ulioufanya mwenyewe. Chini kabisa kuna onyo kwamba akaunti itafungwa usipobonyeza kiungo. Mpokeaji makini, aliyemhakiki mtumaji kama alivyofundishwa, amehakiki kitu kilichoandikwa na tapeli. Na azuie nini? Akilizuia jina hilo, amejinyima na taarifa za benki yake.

Wanaosita kuzipa kampuni za simu kazi ya kuchuja wana sababu zao. Kuchuja maudhui maana yake ni mashine kusoma meseji za watu, na kichujio kikikosea, kikumbusho cha miadi ya daktari kinapotea bila mwenyewe kujua kwamba kilitumwa. Hilo la faragha ni zito, wala sidhani kwamba limepata jibu la kuridhisha.

Hata hivyo, kuhakiki jina la mtumaji hakuhitaji kusoma chochote. Singapore iliwalazimisha wote wanaotuma kwa jina badala ya namba kulisajili kuanzia mwishoni mwa Januari 2023, na ujumbe wenye jina lisilosajiliwa ukaanza kuwafikia watu ukiwa na alama ya kuonya kwamba huenda ni utapeli.

Usajili hauzuii ujumbe unaotoka kwenye namba za kawaida, wala ule unaorushwa na mnara bandia unaotumia udhaifu wa teknolojia ya 2G, ambayo haiiwezeshi simu kuuhakiki mnara. Hapo mtumiaji ana la kufanya: kuzima 2G kama simu yake inaruhusu, na kuripoti. Nchini Uingereza na Marekani ujumbe wa aina hiyo hupelekwa kwa namba 7726, nao humpa mtoa huduma ushahidi ambao kuufuta kimya kimya kungeupoteza. Kampuni inayolipwa kwa meseji za jumla inazozipitisha, lakini haijaweka hata namba ya kuripotia, haina msingi wa kumlaumu mteja aliyefuta na kunyamaza.