Jicho lililotobolewa: dozi kwanza au safari kwanza?

Waya unaporuka na kumchoma fundi jichoni, au mwiba unapopenya konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho) ya mtoto anayechunga mbuzi, vijidudu huingia pamoja na kitu chenyewe, na bakteria wa udongoni aitwaye Bacillus cereus anaweza kuliharibu jicho zima ndani ya siku moja au mbili. Kwamba kidonda kishonwe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, na majeruhi apewe kinga ya pepopunda, hakuna anayebisha. Ubishi uko kwenye antibayotiki za kuzuia maambukizi kabla hayajaanza.

Wapo wanaotetea dawa za mshipa, kwa kawaida vankomaisini na seftazidimu kwa saa 48, au vidonge vya moksifloksasini, ambavyo hufika vizuri kwenye ute ulio nyuma ya lenzi. Wenye shaka hutaja utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1995, ambao haukuona faida ya dawa za mshipa kwa walioambukizwa baada ya kuondolewa mtoto wa jicho. Naona hoja hiyo inavutwa mbali mno: wale walikuwa wameshaugua, tena baada ya upasuaji safi, si watu waliotobolewa kwa chuma chenye udongo. Sindano ya antibayotiki ndani ya jicho ina mantiki pale kipande kinapobaki ndani, ila jentamaisini, mojawapo ya dawa hizo, imewahi kuua sehemu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), na hiyo si kazi ya zahanati.

Kwetu swali zito ni umbali. Chumba cha upasuaji kikiwa jirani, kidonge cha mapema hakibadilishi mengi. Lakini anayetoka vijiji vya Ngorongoro kwenda KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, huenda akakesha njiani. Huyo apewe dozi ya kwanza ya vidonge kabla ya kuondoka, kwa funda dogo tu la maji kwa kuwa atahitaji kulazwa usingizi wa upasuaji, pamoja na dawa ya kuzuia kutapika, maana kutapika husukuma nje vilivyomo jichoni. Asipakwe mafuta ya tetrasaiklini, ambayo hupenya kidondani na kumtatiza daktari. Jicho lifunikwe kwa kitako cha kikombe cha plastiki, plasta ikishika mfupa wa paji na wa shavu, na kilichomchoma kisichomolewe.

Wanaopinga wanahofia kwamba akishameza dawa na maumivu yakatulia, ataahirisha safari. Hofu hiyo ina msingi, lakini kumnyima dawa hakuiondoi. Kinachosaidia zaidi ni kumweleza ndugu anayemsindikiza, na kumkabidhi barua ya rufaa iliyoandikwa saa ya kuumia na saa ya dozi.