Bomba la kinyesi halikatiwi utepe

Mi ni mtoto wa kambi ya polisi, Kampala, ndio maana Kiswahili changu kiko hivi, nusu cha paredi nusu cha sokoni, mtanivumilia. Siku hizi niko Waltham, Massachusetts, na wanaopajua wanajua, ukishuka Moody Street Jumamosi unasalimiwa kwa Kiganda mpaka unasahau umepanda ndege. Wengi wetu hapa kyeyo yetu, yaani vibarua vya ughaibuni, ni kuhudumia wazee, zamu za usiku. Mi nilifanya miaka miwili mgongo ukakataa, rafiki akaniingiza kwa kontrakta mmoja wa mabomba ya maji taka. Mama nilimwambia niko kwenye ujenzi. Sikumdanganya sana.

Siku natua Boston niliona dirishani mayai makubwa 12 yamepangwa pembeni mwa bahari, mazuri ajabu, nikapiga picha nikatuma nyumbani nikaandika ona majengo ya Wamarekani. Kumbe ni Deer Island, matangi ya kuozesha kinyesi cha miji 43. Picha hiyo mama ameiweka sebuleni hadi leo na sijapata moyo wa kumwambia.

Sasa, kazi yenyewe. Sisi hatugusi haya mabomba madogo yanayotoka chooni kwako, tunashughulika na yale makuu, yanayopokea uchafu wa mji na mji na kuupeleka mtamboni, mengine naingia nikiinama kidogo tu na mi ni mrefu. Mfumo wa hapa ulianza kuchimbwa miaka ya 1890, fikiria, Kampala bado ni vilima na kabaka na wamisionari wanagombana. Siku ya kwanza nilikuja na mwili wa kuchimba, buti, glavu, nimekula vizuri. Hakuna aliyechimba. Usiku wanaweka pampu kubwa, maji taka yanazungushwa kwa bomba la juu juu ya barabara yanarudishwa chemba ya mbele, bomba linabaki kavu, linaoshwa, linapitishwa kamera. Halafu linakuja lori la baridi na ndani limekunjwa kitu kama soksi ndefu isiyo na mwisho, kitambaa kimelowekwa resini, kimelazwa kwenye barafu kwa sababu ikipata joto njiani inagandia humohumo na hasara yake usiombe. Soksi inashushwa kwenye chemba, inasukumwa kwa uzito wa maji huku inajigeuza ndani nje, inakwenda ikijibandika kwenye kuta za bomba la zamani, ikishafika mwisho maji yanachemshwa. Saa kadhaa. Harufu yake kama chupa mia za rangi ya kucha zimefunguliwa pamoja. Asubuhi unakata ncha na una bomba jipya ndani ya bomba la babu yake, na juu watu wanapita na kahawa zao hawana habari. Ujanja huu ulianzia London, 1971, kwa bomba la matofali la zamani huko Hackney.

Kilichonishangaza zaidi ni mahali bomba linapooza. Nilidhani ni chini, ambapo uchafu unapita. Wapi, chini mara nyingi pako salama, linaliwa darini. Ile gesi ya mayai viza inapanda juu, inakutana na unyevu na bakteria, bakteria wanaigeuza asidi, asidi ileile ya betri ya gari, na inalila zege polepole miaka na miaka. Kuna pahali nilichokoa kwa bisibisi likatoka kama posho, yaani ugali, ya jana. Na gesi yenyewe inaua, kila mmoja ana mita kifuani, ikilia hata mara moja unavutwa juu, hakuna mjadala.

Mkiambiwa hivyo ndio mnaelewa yaliyotokea Fraser, Michigan, mkesha wa Krismasi 2016. Bomba kuu la upana wa mita zaidi ya 3 lilianguka huko chini, ardhi ikazama, watu wakakimbia nyumba zao, ukarabati ukala dola zaidi ya milioni 70. Kwa hiyo Wamarekani nao hulala, tusiwape sifa za bure. Hata hapa Boston bandari ilikuwa imeoza hadi ikawa aibu. Mwaka 1982 mwanasheria wa mji wa Quincy, William Golden, alikuwa anakimbia zake ufukweni akagundua anachokanyaga sio matope. Mji ukaenda kortini. Korti ndiyo iliwashika shati wakaunda mamlaka ya maji na maji taka, wakajenga mtambo huo wa Deer Island, wakachimba handaki la kilomita 15 chini ya bahari la kupeleka mbali maji yaliyosafishwa, likafunguliwa 2000, na bili za maji zikapanda mpaka watu wakalia. Hawakuamka asubuhi moja wakawa wasafi.

Sasa nirudi nyumbani, maana ndiko roho iko.

Kambini kwetu nyuma ya nyumba palikuwa na chemba. Kila mvua ikija inamwaga, tunaruka mawe kwenda shule, soksi nyeupe mkononi. Fundi anakuja na vyuma vyake vya kuzibulia, anasukuma, anasukuma, kitu kinasema blup, watu wanapiga makofi, anaondoka. Mwezi haujaisha, blup nyingine. Nimekaa kambi ile miaka 17 na sikuwahi kusikia mtu mzima hata mmoja akiuliza kwa nini ni palepale tu. Hilo ndilo naona ni tofauti kubwa kuliko pesa. Huku bomba lina namba, lina faili, lina video ya miaka iliyopita, wanalinganisha ufa ulikuwa hivi sasa umekuwa hivi. Sisi tunazibua, basi.

Kwenye grupu letu la WhatsApp kuna kaka mmoja yuko Dubai, kila nikileta haya anajibu ng'oeni yote mjenge upya. Kaka, ung'oe nini? Uchimbe Kampala Road? Uingie mtaa wa mabanda wa Kisenyi na katapila, juu ya bomba kuna ghorofa, juu ya chemba kuna mama anakaanga mihogo? Hii njia ya soksi ndiyo inafaa mji kama wetu kuliko hata huu wa kwao, kwa sababu sisi hatuna pa kuchimba.

Na sisemi hakuna kilichofanyika. Lubigi kulijengwa mtambo ukaanza 2014, Bugolobi wamejenga mkubwa wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, nilifurahi. Ila mtambo unakatiwa utepe, kuna hema, kuna ngoma, kuna mheshimiwa. Bomba la zamani linalopeleka uchafu huko mtamboni nani atalikatia utepe? Mkalitundike wapi? Na likivuja njiani mtambo unakaa na njaa yake, uchafu unashuka mfereji wa Nakivubo, unaingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ghuba ndiyo hiyohiyo mtambo wa Ggaba unavuta maji ya kunywa ya mji. Tumeenda mpaka Katosi kutafuta maji ya mbali.

Najua kuna atakayesema mbona watu wengi Kampala hawajaunganishwa hata na hilo bomba, na ni kweli kabisa, hata asilimia 10 hawafiki, wengine ni vyoo vya mashimo, na mvua ikinyesha mtaa wa bondeni kama Bwaise unajua mwenyewe mashimo yanavyofunguliwa yajimwage. Hoja hiyo naiheshimu, imeninyima usingizi. Lakini mtu wa Bwaise naye anakunywa maji ya Ggaba. Na gari linalonyonya shimo lake, likienda vizuri, linamwaga mtamboni, likienda vibaya linatafuta chemba yoyote iliyo wazi usiku.

Wiki iliyopita mama akapiga. Ananiambia ile chemba ya nyuma, mfuniko umeibwa, wameuza skrapu, watu wamesimika tawi la mwembe na tairi ili watoto wasitumbukie. Nikamwuliza, mama, maji humo yanatembea au yamesimama? Kimya. Halafu akaanza kucheka, akasema wewe baba, Amerika wamekusomesha mavi? Nikaona basi, nikamwambia ukweli wote, kazi, soksi, hadi yale mayai ya sebuleni. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema ngoja nikakupigie picha ndani uone. Nikamwambia piga, lakini mama usiinamie, shika simu mbali, ile harufu ya mayai usiivute.