Zipeni Moki Majina

Mwenzangu aliyepitia msimbo wangu wiki hii ameniandikia kwamba majina niliyozipa moki (vitu bandia vinavyoshika nafasi ya vitu halisi kwenye testi za programu) ni mapambo, niyatoe. Siyatoi, na naomba kila anayeandika testi anisikilize.

Chukua testi ya kutuma pesa. Una akaunti mbili, ya mtumaji na ya mpokeaji, zote moki za aina moja, na daftari linalotakiwa kuandika nani katuma na nani kapokea. Mtu akizibadilisha nafasi kwa bahati mbaya, testi itafeli, vizuri kabisa. Sasa soma lugha ya Python inachokuambia. Ilitarajiwa:

andika(<Mock id='140234866520400'>, <Mock id='140234866523088'>)

Ikapatikana:

andika(<Mock id='140234866523088'>, <Mock id='140234866520400'>)

Mtumaji ni yupi hapo? Ukiendesha testi upya, namba zenyewe huenda zikawa nyingine. Ndipo mtu anapoanza kutupia print (amri ya kuchapisha thamani kwenye skrini) kila kona na kulinganisha tarakimu kwa macho usiku wa manane, na kesho yake yuko kazini amechoka. Inaniuma, kwa sababu dawa ni neno moja. Andika Mock(name='mtumaji') na Mock(name='mpokeaji'), na ujumbe uleule utakuonyesha mpokeaji amekaa kwenye nafasi ya mtumaji. Unarekebisha, unaendelea na kazi.

Kwenye lugha ya Java, maktaba ya moki iitwayo jMock inakataa kabisa kuunda moki mbili za aina moja zisizo na majina tofauti. Mockito, maktaba nyingine ya moki, inachukua jina la fildi uliyoiwekea alama ya @Mock. Python imetuachia hiari, na hiari hiyo ndiyo inayotuponza.

Nyaraka za Mockito zinaonya kwamba moki zikijaa hadi unahitaji majina ili uzitambue, rekebisha msimbo kwanza. Haya, nakubali. Lakini kutuma pesa kuna pande mbili, na hakuna marekebisho yatakayoufuta mmoja. Mbili tu zinatosha kukuchanganya.

Angalizo kwa wa Python: name ndani ya Mock(name='mtumaji') ni jina la moki yenyewe. Ukitaka akaunti iwe na sifa inayoitwa name, iweke baada ya kuiunda moki.

Na kama kitu kinapitishwa tu kutoka funksheni moja kwenda nyingine bila kuitwa kufanya lolote, hakihitaji moki. Tumia sentinel.mtumaji, kitu kisichofanya lolote ila kubeba jina, kutoka unittest.mock, maktaba ya moki ya Python; testi ikifeli, inajichapisha kwa jina hilohilo.