Kanula ya ateri: vidole au ultrasaundi?

Mgonjwa yuko thieta, kiganja kimeangalia juu, kitambaa kilichokunjwa kimewekwa chini ya kifundo cha mkono. Mtaalamu wa usingizi anapapasa upande wa kidole gumba akitafuta mpigo wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, hapa ukiwa na upana wa milimita 2 hivi. Kanula, yaani mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa huo, ikikaa, monita itaonyesha presha kwa kila pigo la moyo. Mkanda wa presha hupima kila baada ya dakika 3 au 5, na kwa mtu anayevuja damu dakika hizo ni nyingi mno.

Vidole vimefanya kazi hii miaka nenda rudi. Mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger, daktari wa eksrei wa Uswidi, alieleza jinsi ya kupitisha waya ndani ya sindano kisha kuutelezesha mrija juu yake, na mpaka leo tunamfuata. Ultrasaundi, mashine inayotoa picha kwa mawimbi ya sauti, imekuja kuonyesha mshipa wenyewe ulipo. Tafiti zilizolinganisha njia hizi zimeona kwamba mchomo wa kwanza hufaulu zaidi ukiongozwa na picha.

Wanaotetea vidole si washamba. Mashine mara nyingi ni moja, na ukiihitaji iko wodi ya wazazi. Kwa kijana ambaye mpigo wake unagonga, mzoefu humaliza kabla jeli haijapakwa. Tena picha hudanganya. Picha ikiuonyesha mshipa kana kwamba umekatwa kimapana, sindano huwa nukta nyeupe tu. Unadhani umeiona ncha, kumbe unaona kiuno chake, ncha imeshatoboa ukuta wa nyuma. Dawa ni kusogeza mbele kidogo kifaa cha ultrasaundi kinachoshikwa juu ya ngozi hadi nukta ipotee, kusukuma sindano hadi nukta irudi, na kurudia hivyo mpaka ncha ikae katikati ya mshipa. Ustadi huo hauji kwenye boksi la mashine.

Ninachokipinga ni desturi ya kuiita mashine baada ya vidole kushindwa mara 3. Hapo ateri imeshajikaza na damu imevilia chini ya ngozi. Tunaikabidhi mashine kazi ambayo sisi wenyewe tumeiharibu, kisha tunasema haisaidii. Kwa mtoto mchanga, mtu aliyevimba mikono au mgonjwa ambaye presha imeshuka, ianze mashine. Kwa mwenye mpigo mzuri vidole vipewe nafasi, na wanafunzi wajifunzie kwake, maana umeme hukatika. Lakini nafasi hiyo ni mchomo mmoja, na mashine iwe imeshawashwa kando ya kitanda.