Paka Mweusi, Taa Moja, na Mtaa Unaitwa Mwanga

Picha imerudi. Imerudi kama mahari iliyokataliwa: imeviringishwa kwenye kanga, imewekwa juu ya kaunta, na mama mwenyewe amekaa kwenye benchi la wateja, soda hataki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Baba, mimi nililipia paka mzima. Hapa nimepewa nusu."

Jamani. Mimi ni fundi picha wa siku nyingi, heshima yangu ninayo. Studio yangu ipo Mwanga, hapa hapa Kigoma. Yaani nakaa Mwanga, nauza mwanga, na mwanga wenyewe sina. Nilikuwa na taa mbili za flashi. Umeme mnaujua unavyorudi ukiwa umekasirika. Moja ukaondoka nayo. Glopu yake ije kwa treni kutoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200, na sisi ndio mwisho wa reli tangu 1914. Kila kitu kinatufikia kimechoka.

Na wateja nao wamebadilika. Zamani ilikuwa pasipoti saizi na maharusi. Sasa mtu anataka mfugo wake ukutani. Beberu mmoja wa Ujiji kanilia pazia la nyuma, lile lenye maporomoko. Mwenye nyumba kaleta jogoo, hakulipa, na mimi sikudai. Kodi yake ya miezi miwili nilikuwa nayo mimi.

Lakini huyu paka! Anaitwa Bwana Afya, kwa sababu kila siku anakagua stoo ya mawese. Mweusi tii, mpaka pua. Aliletwa ndani ya boksi la sabuni, akatoka kama mgeni rasmi, akazunguka studio nzima akinusa nyaya, kisha akaingia chini ya benchi, kikao kikafungwa.

Taa moja si dhambi. Unaiweka ubavuni, juu kidogo ya kichwa cha mnyama, upande wa pili unasimamisha kitu cheupe kirudishe mwanga. Mimi nilisimamisha lile povu gumu la kwenye boksi la TV. Kitambaa cha kulainisha mwanga kilishachanika, nikaivisha taa chandarua, kunjo mbili. Hapo nasubiri tu Bwana Afya akae.

Nikamwekea dagaa. Akanusa, akaniangalia mimi, akawaangalia dagaa, akageuza uso.

"Hao ni wa Mwanza," mama akasema, kwa huruma, kama anayemwambia mtu kwamba zipu iko wazi.

Ni kweli, nilibana matumizi. Ikabidi nitume kijana sokoni, dagaa wetu wa ziwani, shilingi 2,000, na bei yao ya siku hizi mnaijua, ukifunga ngumi huwaoni. Hao ndio Bwana Afya aliwatambua kama ndugu.

Sasa mnyama hapigwi ukiwa umesimama, atatoka kama kidonge sakafuni. Unashuka usawa wa macho yake. Nikalala kifudifudi, mzee mzima, shati la Ijumaa, nambembeleza: "Mheshimiwa, geuka kidogo." Mlango u wazi, watu wanatoka kazini. Fikiria mwenyewe: magharibi, mtu kalala chini ananong'ona na paka mweusi, na mtaa unaitwa Mwanga. Bibi mmoja alipita, akarudi kuhakikisha, akaenda zake bila kusalimia. Tangu siku hiyo ananipitia upande wa pili wa barabara.

Na paka mweusi anakunywa mwanga kama mchanga unavyokunywa maji. Kamera yenyewe ukiiachia ichague, inaamini dunia nzima ni kijivu, itakutolea paka wa majivu. Kwa hiyo unapanga kwa mkono. Ukishapanga, yeye anarudi nyuma. Taa iliyokuwa mita moja naye sasa ni mita mbili, na mwanga unaomfikia si nusu, ni robo! Hesabu hiyo haina undugu. Unapanga upya. Anarudi mbele. Nikasogeza taa, akaifuata. Nikaikimbiza, akadhani tunacheza.

Uvumilivu ukaniisha nikachomeka kile kiflashi cha juu ya kamera. Kosa. Paka ana kioo nyuma ya jicho. Flashi ikikaa jirani na lenzi mwanga unarudi ulikotoka. Macho yakawaka kijani kama basi la usiku linashuka mlima. Mama akapiga kelele, "Huyo si wangu!"

Basi nikarudi kwenye taa ya ubavuni, nikapata moja. Moja tu! Jicho kali, masharubu unayahesabu, manyoya yanang'aa upande huu, upande ule yanapotelea gizani taratibu. Picha ya kuning'iniza.

"Mama, huo upande mwingine ni kivuli. Ndio ufundi wenyewe."

"Paka wangu ni mweusi pande zote mbili. Kwa nini uonyeshe mmoja?"

Ningejibu nini? Nimeahidi kurudia kesho saa nne, kwa dagaa wangu. Na nyumbani wameshaulizwa hao dagaa, maana hao wa pili niliwachukua jikoni leo mchana. Tumekula mchicha mtupu. Halafu kulala nako hakulaliki, mbu wanapishana sikioni kama bodaboda, mke wangu anajigeuza mara ya tatu, ananiuliza chandarua kiko wapi.

Nikamwambia kiko studio, kwenye taa.

Kimya. Kisha: "Hivi hiyo taa huwa inaumwa malaria?"