Mkato Mmoja, Kahawa 11

Mimi sina ugomvi na mtu, uliza baraza nzima. Lakini Ijumaa iliyopita nimelipa vikombe 11 vya kahawa tungu, na kashata juu, kwa sababu ya kialama ambacho ukikitazama bila miwani utadhani ni uchafu wa inzi.

Kwa kinyozi wetu hapa mtaani tunacheza poka. Si ile ya kasino, ni hii yetu ya Kenya: ukiwekewa mbili okota mbili, tatu okota tatu, joka (yaani jokeri) okota tano, nane ni swali na swali lazima lijibiwe, na ukibakiza moja unatangaza "niko kadi". Karata zenyewe zimechakaa mpaka ree (ile yenye A) ya kopa tunaijua kwa mgongo. Miaka yote hiyo sheria hazikuandikwa popote, na ugomvi ulikuwa wa kiasi tu. Mtu anatupa karata, anavaa ndara zake, anaapa harudi tena. Kesho saa kumi jioni yuko pale pale anauliza nani anagawa.

Akatokea mjuaji mmoja: "Andikeni sheria mpumzike." Wote wakanigeukia mimi, eti niliwahi kuwa karani bandarini. Jamani, mimi nilikuwa naandika hesabu ya magunia, si katiba! Lakini sifa humlevya mtu. Nikatwaa ubavu wa boksi la sabuni na kalamu nene, nikaandika kwa herufi kubwa tupu. Vituo sikuweka hata kimoja. Boksi dogo, nafasi ya kupumua ningeitoa wapi?

Sheria ya kwanza: ALIYEWEKEWA JOKA AOKOTE TANO AU REE.

Kila mtu pale anajua maana yake. Ama uokote karata tano, ama utoe ree yako ujikinge. Kila mtu, isipokuwa kijana mmoja wa bodaboda aliyeanza kucheza siku hiyo. Akawekewa joka. Kwa utulivu kabisa akalichukua fungu lote la katikati, akaligeuza uso juu, akaanza kupekua moja moja.

"Unafanya nini?"

"Natafuta ree, wazee wangu. Pale pameandikwa niokote tano au niokote ree. Tano za nini?"

Akaipata, tena ya shupaza. Akatushukuru.

Tukacheka, nikachomeka neno ATOE pale kabla ya REE, tukaendelea. Kumbe hilo lilikuwa manyunyu tu. Sheria ya pili ndiyo iliyonimaliza: ALIYEBAKI NA MOJA ASEME NIKO KADI KABLA HAJACHEZA MWENZAKE ASIPOSEMA AOKOTE MBILI.

Isome wewe. Si iko wazi? Na mimi niliiona iko wazi, maana niliyeiandika nilikuwa najua tayari ninachotaka kusema!

Ijumaa hiyo anayecheza kabla yangu ni shemeji wa kinyozi, mtu mpole kupita kiasi, na wapole ndio wa kuogopa. Akaweka karata, akabakiza moja, kimya. Nikaruka: "Hukusema! Okota mbili!" Hakunijibu. Akainuka mpaka kwenye boksi, akaweka kidole, akasoma kama mtu aliyepanda mimbari.

"Aliyebaki na moja aseme 'niko kadi' kabla hajacheza." Akameza mate. "Mwenzake asiposema, aokote mbili." Akanigeukia. "Mimi sikusema, ni kweli, nimekosa. Lakini adhabu yangu haikuandikwa. Iliyoandikwa ni ya mwenzangu. Mwenzangu ni wewe, bwana karani. Umesema?"

Nikamtazama kinyozi. Mashine mkononi, mteja kanyolewa nusu kichwa. "Boksi limesema," akasema. Hata yule mteja wa nusu kichwa, ambaye hachezi wala hatumjui, akaunga mkono. Nikaokota mbili, nikafungwa, nikalipa.

Nyumbani nikamlalamikia mpwa wangu, anayejua michezo ya karata yote isipokuwa ile ya kumsaidia mjomba wake. Akaniambia nisijione peke yangu. Ule mchezo wa UNO, anasema, ulibuniwa mwaka 1971 huko Ohio, Marekani, na mtu aitwaye Merle Robbins, baada ya kubishana na mwanawe kuhusu sheria za mchezo wa Crazy Eights, ambao na poka yetu ni ukoo mmoja. Na kazi yake Robbins? Kinyozi! Nikajua basi, ubaya uko kwenye vile viti.

Tena kuandika sheria hakukuwatuliza. Mwaka 2019 wenye UNO wenyewe walitangaza kwamba ukiwekewa karata ya kuokota nne, okota nne zako na zamu yako imepita. Huruhusiwi kuweka ya mbili juu yake ili anayefuata aokote sita. Watu waliocheza hivyo tangu utotoni wakawaambia wenye mchezo kwamba hawaujui mchezo wao.

Lakini kilichonifariji hasa ni kisa cha mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering, wa Richard Garfield, uliotoka 1993. Walipokuwa bado wanaujaribu, kulikuwa na karata iliyokusudia kwamba mpinzani wako akose zamu yake ijayo. Sasa Kiingereza kina neno moja, "lose", la kukosa kitu na la kushindwa mchezo. Mjaribu mmoja akaja mbio: kuna karata kali mno, ukiiweka tu, mwenzako ameshindwa zamu ijayo! Maneno yakabadilishwa, karata ilipotoka ikasema wewe ndiye unayepata zamu ya ziada. Nilikuwa nijisifu kwamba Kiswahili kingewaokoa, nikakumbuka vijana wetu wa sasa wanavyosema "timu imepoteza", nikanyamaza.

Jumapili nikanunua kadibodi mpya, kwa pesa yangu. Nikaandika polepole, kwa herufi ndogo na kwa adabu: Aliyebaki na moja aseme "niko kadi" kabla hajacheza mwenzake, asiposema aokote mbili. Mkato ule niliunenepesha ukawa kama punje ya mtama.

Jumatatu shemeji wa kinyozi akabakiza moja, kimya. Akainuka, akaenda kwenye kadibodi, akainama. "Hapa kuna mikato miwili," akasema. "Mmoja kabla ya neno 'mwenzake', mmoja baada yake."

"Huo wa kwanza ni uchafu wa inzi!"

"Inzi wa wapi anayejua kuandika?"

Kinyozi, ili atuamue, akaja na wembe akakwangua. Mkono wake ni mwepesi kwenye ndevu, kwenye kadibodi sivyo. Uchafu wa inzi ukatoka, na mkato wangu ukatoka nao. Shemeji akasoma upya tangu mwanzo, na mwenye kahawa alikuwa ameshaanza kupanga vikombe.