Jumba la maduka likifa, nani anarithi?

Machi 2021, wanafunzi wa sekondari ya Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, walianza kwenda darasani kwa ngazi za umeme. Shule yao ilikuwa imefungwa baada ya kemikali zenye sumu kugundulika majengoni, wakahamishiwa kwenye lililokuwa duka la Macy's katikati ya mji. Maktaba iliwekwa palipokuwa pakiuzwa vyombo vya kaure, vitabu vikakaa kwenye rafu zilizotengenezewa sahani. Kuta za madarasa hazikufika darini, hivyo mwalimu wa chumba cha pili alisikika vizuri tu.

Watetezi wa kuyapa majumba ya maduka kazi mpya watasema jengo tupu liliokoa masomo ya mamia ya vijana. Wanaopinga watasema duka ni duka, hata ukilipachika jina la shule. Mimi naona wote wana haki, ila wanabishania jengo wakati swali zito liko kwingine.

Kwanza, majumba haya yanapokufa, tuache kuitupia intaneti lawama zote. Mwaka 2024 manunuzi ya mtandaoni Marekani yalikuwa takriban asilimia 16 ya mauzo yote ya rejareja. Ni mengi, lakini hayatoshi kueleza vifo vilivyoanza mapema zaidi. Jumba la Villa Italia, kule Lakewood, Colorado, lilifungwa mwaka 2001, enzi ambazo wengi walikuwa bado wanaogopa kuandika namba ya kadi ya benki kwenye kompyuta. Tatizo lilianzia kwenye ujenzi. Sheria ya kodi ya mwaka 1954 iliwaruhusu wawekezaji kukata sehemu kubwa ya gharama za jengo kwenye mahesabu ya kodi katika miaka ya mwanzo. Ikawa faida kujenga, kufaidi nafuu ile, kuuza, kisha kwenda kujenga jingine mbele zaidi ya mji. Wateja hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Kila jumba jipya lilikula wateja wa lile la zamani.

Halafu kuna mikataba. Jumba la aina hii husimama juu ya maduka makuu mawili au matatu yanayovuta watu, na wapangaji wadogo huishi kwa wapita njia wao. Mikataba mingi ya hao wadogo ina kifungu kinachosema kwamba duka kuu likiondoka, wao wanaweza kulipa kodi ya pango pungufu au kuvunja mkataba. Kwa hiyo Sears, kampuni ya maduka makuu, ilipoomba hifadhi ya mufilisi Oktoba 2018, na mwenzake JCPenney ikafuata Mei 2020, majumba yaliyowategemea yalipoteza zaidi ya mpangaji mmoja. Mapato yakishuka, paa linalovuja linaachwa livuje, kiyoyozi hakitengenezwi, na mwenye duka la viatu aliyekuwa anasitasita anafunga virago.

Je, mzoga huo unafaa kitu? Unafaa sana, na mifano ipo. Highland Mall la Austin, Texas, lililofunguliwa mwaka 1971, sasa ni kampasi ya chuo cha jamii cha mji huo, na palipokuwa JCPenney pakawekwa ukumbi wa kujisomea wenye kompyuta zaidi ya 600. Nashville, hospitali ya chuo kikuu cha Vanderbilt ilihamishia kliniki zake ghorofa ya juu ya jumba la One Hundred Oaks mwaka 2009, maduka yakabaki chini. Barabara zipo, umeme upo, mabomba ya maji taka yapo. Na mali kubwa kuliko zote iko nje: maegesho, ekari kwa ekari za lami zinazosubiri nyumba.

Ugumu nao si wa kubuni. Sakafu ni pana mno na madirisha hayapo, hivyo kugeuza jumba liwe makazi mara nyingi ni ghali kuliko kulibomoa. Jumba la Arcade mjini Providence, Marekani, la mwaka 1828, lilifanikiwa kuwa vyumba vidogo vya kuishi kwa sababu ni jembamba na paa lake la kioo huingiza mwanga. Umiliki pia umegawanyika: korido ni za huyu, duka kuu na maegesho yake ni ya yule, na kila mmoja anaweza kumkwamisha mwenzake. Bangkok ilionyesha mwisho wa jumba linaloachwa tu. Jumba la New World lilifungwa mwaka 1997, likapoteza paa, maji ya mvua yakajaa ndani, na majirani wakatia samaki ili wale viluwiluwi vya mbu. Samaki hao walitolewa mwaka 2015, wakiwa maelfu.

Ninapotofautiana na wanaoshangilia ni pale jumba linapogeuzwa ghala. Randall Park, Ohio, lililofunguliwa mwaka 1976 likihesabiwa miongoni mwa makubwa kabisa duniani, lilibomolewa, na mahali pake Amazon ikajenga ghala huku ikitangaza ajira zipatazo 2,000. Ajira si jambo la kubezwa. Chuo na hospitali ya umma kwa kawaida havilipi kodi ya majengo, na halmashauri iliyokuwa ikiishi kwa kodi ya maduka ina haki ya kulipigia hesabu hilo. Lakini ghala lina geti na mlinzi. Mzee aliyekuwa akienda kunyoosha miguu asubuhi kwenye korido zenye joto, bila kununua hata soksi, hana pa kwenda.

Victor Gruen, mbunifu kutoka Vienna, alipochora Southdale, lililofunguliwa Minnesota mwaka 1956, alitaka lizungukwe na nyumba, shule, kliniki na bustani. Wenye fedha walijenga maduka na maegesho, basi, naye baadaye akayakana majumba yote ya namna hiyo. Inachekesha kidogo kwamba leo pale Southdale kuna fleti kwenye iliyokuwa lami.

London, jumba la Elephant and Castle lilifungwa Septemba 2020 na kubomolewa. Halikuwa tupu: lilikuwa na wafanyabiashara wengi wenye asili ya Amerika ya Kusini, na ukumbi wa bingo wa wazee. Baadhi walipewa vibanda jirani, wengine hawakupata. Linganisha na Stockton-on-Tees, kaskazini mwa Uingereza. Halmashauri ilinunua majumba mawili ya katikati ya mji, ikawahamishia wapangaji wa Castlegate kwenye lile jingine, na ndipo ikalibomoa Castlegate ili pawe bustani inayoshuka hadi mtoni.